Kofia Nyekundu Safu ya Nne

Jumapili, 14 Januari 1973

Tumefika Villach. Treni kutoka Vienna saa tano nzima, mimi nimebanwa dirishani, Heidrun mbele yangu anamenya machungwa na kunirushia mbegu kwa bahati mbaya. Mara nne kwa bahati mbaya. Ana miaka kumi na sita. Kila akicheka, kocha naye anacheka. Bi Hruschka alikuwa kocha wangu wa kuteleza barafuni, wangu peke yangu, miaka kumi na moja. Tangu mwaka juzi ni wetu wawili, maana yake ni wake.

Stesheni ya Knittelfeld akapanda babu yake Heidrun, Mzee Alois. Mkuu wa stesheni mstaafu. Amestaafu miaka tisa iliyopita lakini bado anavaa ile kofia nyekundu ya kazi, na kondakta alipopita, mzee ndiye aliyemkagua badala ya kukaguliwa tiketi. Nilitaka kucheka. Akanipa mkate wenye nyama ya moshi, akasema, kula mjukuu wangu, umekonda. Mimi si mjukuu wake. Nilikula.

Chama kimetupangia chumba kimoja, mimi na Heidrun. Miwani yake ameiweka kwenye kisahani changu cha sabuni. Nimeitoa. Ameirudisha.

Jumatatu, 15 Januari

Mkutano wa kanuni, saa tatu asubuhi. Mwamuzi mkuu ni Mswisi mwenye sauti ya mtu anayesoma mirathi. Nchi tisa, wasichana kumi na wanane. Mashindano ya Alpi yanafuata kanuni mpya kama mengine yote.

Kanuni mpya! Mwaka jana michoro sita ya duara barafuni, nusu nzima ya maksi. Mwaka huu michoro mitatu, maksi arobaini kwa mia. Wamechomeka kitu kinachoitwa programu fupi, ishirini kwa mia, na programu huru arobaini. Kwa nini? Kwa sababu televisheni haiwezi kuonyesha michoro. Watu wanalala. Gazeti moja la Vienna liliandika hivyo hivyo, kwamba michoro ni dawa ya usingizi.

Basi wao walale. Mimi nimechora tangu nina miaka saba. Duara mbili zinazogusana, mguu mmoja, unazizunguka mara tatu na chuma cha kiatu kipite palepale kilipopita. Majaji wanakuja na viatu vya mpira, wanachuchumaa, wanatazama mstari wako kama wanatafuta sindano. Hapo huwezi kumdanganya mtu kwa gauni la kumetameta. Nimefanya hivyo kila alfajiri kabla ya kwenda posta kugonga mihuri, na kwa michoro hakuna Mwaustria anayenishinda. Kwa kuruka, hata mbuzi ananishinda. Najua.

Mwishoni Mswisi alisoma kanuni ya nafasi. Nchi ikiwa na mtu ndani ya watano bora, mwaka ujao inaleta wasichana wawili. Ikikosa, inaleta mmoja. Heidrun alikuwa anachora maua kwenye karatasi yake. Mimi nina miaka ishirini na mitatu na mwaka jana chama kilinipa saa ya ukutani kwa utumishi wangu. Mtu hapewi saa ya ukutani kama anatarajiwa kurudi. Ikibaki nafasi moja, lazima iwe ya aliye juu kati yetu wawili. Kwa hiyo niwe juu. Basi.

Jumanne, 16 Januari

Mazoezi. Barafu imepakwa rangi nyeupe, mistari ya hoki haionekani kabisa. Uwanja ni kama shuka. Wenzangu wanalalamika kwamba hawana cha kulenga. Mimi silengi kitu, mimi natazama mstari wangu.

Nimegundua siri ya Heidrun. Miaka miwili nimejiuliza mtoto asiye na subira hata ya kufunga kamba za viatu anapataje duara zilizonyooka. Bila miwani haoni hata mstari wake mwenyewe chini. Leo nimemfuatilia macho. Babu amekaa safu ya nne, chini ya saa kubwa, na kofia yake nyekundu. Heidrun anasimama katikati, ananyoosha mkono kuelekea kofia, anaanza. Kila akirudi katikati anainua kichwa, anatafuta wekundu, anajinyoosha nao. Mzee hatikisiki. Hata kikohozi anakimeza.

Na kabla hajaanza, mzee anainua mkono wa kulia juu kabisa, kiganja wazi, kama anaruhusu treni iondoke. Bila mkono ule mtoto haendi. Kocha anajua. Kila mtu anajua isipokuwa mimi.

Nikamwuliza Bi Hruschka kama hiyo ni halali. Akasema kanuni zinakataza kuweka alama kwenye barafu, hazisemi neno juu ya kofia. Kisha akaniambia niache roho ya kwa nini.

Jumatano, 17 Januari

Kuchomoa namba. Mfuko wa kitambaa, vidonge vya mbao. Kwenye michoro mimi wa pili, Heidrun wa kumi na moja. Na programu huru hapa pia inakwenda kwa namba za mfukoni: mimi wa tano, yeye wa mwisho kabisa, kumi na nane. Alibusu kidonge chake. Wa mwisho anakumbukwa, akasema.

Chakula cha mchana, maandazi ya jemu, msimu wake huu. Heidrun alikula matatu na sukari mpaka kwenye nyusi. Kisha chumbani, amelala kifudifudi, miguu juu, ananiambia:

"Dada Rosi, hivi michoro ikifutwa kabisa utafanya nini?"

"Haitafutwa."

"Itafutwa. Kila mtu anasema. Utakuwa unachora nini, bahasha?"

Nilikunja soksi. Akaendelea kwamba hakuwa na nia mbaya, kwamba posta ni kazi nzuri, ina joto. Nikatoka nje nikatembea mpaka mtoni na kurudi. Bahasha. Nimempa mtoto huyu glavu zangu, nimemfundisha kunoa chuma, nimemshikia ndoo alipotapika Graz. Bahasha!

Alhamisi, 18 Januari

Ninaongoza. Nianze na hilo. Wa kwanza kati ya kumi na wanane baada ya michoro. Jaji Mhungaria alipiga magoti kabisa kwenye mchoro wangu wa tatu, akapeperusha vumbi la barafu kwa kofia yake, akatazama, akainuka. Maksi nne nukta tano, nne nukta sita, tena nne nukta sita. Kwa michoro hiyo ni nyingi, kwa mtu anayejua. Bi Hruschka alinipiga begani kama anavyompiga farasi.

Heidrun ni wa kumi na tatu.

Ilikuwa hivi. Mchoro wa pili, mimi nimeshamaliza wangu, nina muda. Nikaenda kumnunulia mzee kahawa. Alikuwa kwenye kiti chake safu ya nne chini ya saa na mlango wa nyuma yake ulikuwa unavuja baridi kali, hilo ni kweli, pua yake ilikuwa imekuwa nyekundu kuliko kofia. Nikamwambia kule juu, safu ya kumi na tisa, kuna bomba la joto. Akasema Heidrun anataka akae hapa. Nikasema, babu, utaugua, njoo, mimi nitakushika mkono. Ni kahawa tu. Ni baridi tu.

Hapana. Daftari ni langu, kwa nini nilidanganye.

Nilisubiri mpaka Heidrun amalize mzunguko wa kwanza. Nilisimama na kikombe nikahesabu. Alipovuka katikati nikamwinua mzee. Tukapanda ngazi polepole, yeye goti lake halikunjiki vizuri, mimi namvuta, na kofia nyekundu ikapanda nasi, safu ya saba, ya kumi, ya kumi na nne, ikisogea kulia. Kule chini mtoto aliinua kichwa akaifuata. Mzunguko wa pili ulikwenda kando. Wa tatu ulikwenda kando zaidi. Ukiangalia kutoka juu mistari ilitawanyika kama vidole vya mkono. Mzee hakuangalia, alikuwa anaangalia ngazi asianguke.

Majaji hawakuhitaji kuchuchumaa. Mbili nukta sita. Mbili nukta nne. Mmoja alitoa moja nukta tisa, sijawahi kuona moja nukta tisa kwenye mashindano makubwa.

Heidrun alitoka akilia na kamasi. Bi Hruschka akamfokea mzee mbele ya watu: ulikwenda wapi, wewe mtu mzima, ulikwenda wapi? Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwao, kikombe mkononi. Mzee akavua kofia. Akasema, msalani, mwalimu. Uzee. Nisamehe.

Hakunitazama. Nadhani hakuelewa. Ni mzee wa stesheni, atajuaje mambo ya duara.

Nimekula tambi za jibini sahani mbili.

Ijumaa, 19 Januari

Programu fupi asubuhi. Mruko wa pamoja, ule wa miruko miwili mfululizo, niligusa barafu kwa mkono, wa saba kwa leo. Heidrun macho yamevimba, akateleza kama mwehu. Wa pili kwa leo! Hivi ndivyo ilivyo: mimi wa nne kwa jumla, yeye wa tisa. Watu walimpigia makofi mpaka mtangazaji akaomba utulivu. Mzee alikuwa kwenye kiti chake safu ya nne lakini alifika akichechemea, ameshika ukuta. Goti. Ngazi za jana.

Mchana nikakaa meza moja na Bi Nagl wa chama. Yeye na supu yake. Nikamwuliza moja kwa moja, maana nimechoka kubahatisha: ikibaki nafasi moja mwaka ujao, si ni ya aliye juu?

Akafuta mdomo. Akasema nafasi ni ya chama, si ya mtelezaji. Kamati ilikaa Desemba.

"Ikaamua nini?"

"Rosi, usinifanye niseme."

"Sema."

"Ikiwa moja, ni ya Heidrun. Awe wa kwanza, awe wa mwisho. Ana miaka kumi mbele yake. Wewe tulikuwa tunakuombea ziwe mbili."

Akauliza kama sijisikii vizuri. Nikasema tambi za jana.

Nikaenda chooni nikafanya hesabu nyuma ya karatasi ya ratiba. Kwa michoro yake ya kawaida Heidrun huwa wa sita, wa saba. Angekuwa wa saba jana, leo angekuwa wa tatu kwa jumla, na kesho kwa miruko yake hakuna wa kumtoa kwenye watano. Nafasi mbili. Yake na yangu. Mtoto yule alikuwa anakwenda kuniletea nafasi yangu mdomoni na mimi nikamwinua babu yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Najua, najua. Nimekaa humo chooni mpaka mtu akagonga mlango.

Nawachukia wote. Nagl na supu yake. Kamati ya Desemba, waliokaa wakala keki wakaniondoa kisha Krismasi wakaniletea kadi. Hruschka lazima alijua. Na mimi mwenyewe nisijisahau.

Kubaki kwangu sasa ni hivi: ama mimi nibaki ndani ya watano, jambo ambalo kwa programu huru sijawahi kulifanya, ama yeye apande kutoka wa tisa.

Jumamosi, 20 Januari

Saa nane mchana. Chumba cha kubadilishia. Nimekwisha kuteleza.

Nilianguka. Mruko mkubwa, wa mizunguko miwili na nusu, ule ambao Bi Hruschka alisema niuache na mimi kwa ukaidi sikuuacha. Nilianguka kwa makalio mbele ya jaji Mhungaria. Mitatu iliyobaki niliitua, vibaya. Sina la kusema zaidi juu ya hilo.

Saa kumi kasorobo

Wamebaki wawili. Mimi ni wa saba sasa. Bi Hruschka ana kalamu na kikaratasi, amefanya hesabu mara tatu na kila mara amenionyesha kana kwamba ni mimi mhasibu. Heidrun akiweka ule mruko wa mizunguko mitatu na mengine yote yakiwa safi, anafika wa tano. Asipouweka, wa saba, wa nane. Hakuna katikati. Na ule mruko, akasema kocha, Heidrun huuweka siku akiwa ametulia. Akiwa na wasiwasi huufungua hewani, unakuwa wa mzunguko mmoja, mtu anaona aibu kutazama.

Nikauliza, mzee yuko wapi?

Yuko chumba cha huduma ya kwanza.

Nimemkuta amekaa, mguu juu ya kiti cha pili, goti limefungwa kitambaa chenye maziwa ya mgando ya kutoa uvimbe, chumba kizima kinanuka maziwa. Limevimba kama mkate. Kofia iko mapajani. Muuguzi alisema hatapanda ngazi yoyote leo, hata moja. Nikasema, babu, wakubebe. Akasema ameshawauliza, kiti cha kubebea kiko kimoja na kimechukuliwa na Muitaliano aliyevunjika mkono. Mkono! Nikasema nitaita wanaume. Akasema, kaa.

Nikakaa.

Kisha akasema taratibu, kama anaeleza ratiba:

"Mimi nimepanga treni miaka thelathini na sita. Mtu akigeuza reli kwa bahati mbaya najua. Akigeuza kwa makusudi pia najua."

Nilitazama lile goti. Baadaye nikamwuliza kwa nini hakunitaja. Akasema kwamba Heidrun alikuwa na siku mbili za kuteleza mbele yake, na mtu mwenye hasira na mtu hatelezi, anapigana. Uzee wa babu yake angeusamehe kabla ya chakula cha jioni. Na alimsamehe.

"Na mimi?" nikamwuliza.

"Wewe sijui, binti. Wewe mwenyewe unajua umefanya nini."

Hakusema mjukuu. Akachukua kofia akanivika. Kubwa, inafunika masikio, kwa ndani ina harufu ya tumbaku na mafuta ya nywele. Akasema, safu ya nne, chini ya saa. Anatafuta rangi tu, sura haioni. Kaa usitikisike. Na mkono usiusahau.

Nikamwambia, mtume mtu mwingine. Mtume Hruschka. Akasema Hruschka lazima awe mlangoni na mtoto, na wewe ndiye uliyenitoa pale.

Safu ya nne

Nimefika. Naandika kwa penseli juu ya goti, mikono isipokuwa na kazi itafanya jambo la kijinga. Watu wananitazama. Wa saba wa mashindano, na rangi ya jicho imeshuka mpaka shavuni, ndani ya kofia ya mkuu wa stesheni. Bi Nagl yuko safu ya mbele yangu. Amegeuka, akaitazama kofia, akanitazama mimi, akafungua mdomo. Nimemwambia atazame mbele.

Namba kumi na saba ametoka. Mlango ule wa nyuma kweli unavuja. Mzee alikaa hapa siku tatu na baridi hii mgongoni na hakusema.

Wamemwita. Heidrun, gauni la bluu, miwani amempa kocha. Kanuni: tangu jina linapotajwa ana dakika mbili kuanza, zikipita anaondolewa. Saa iko juu ya kichwa changu, siioni, naisikia.

Anazunguka uwanja mara moja. Anatafuta. Amepita upande wa Waitaliano, amerudi.

Ameiona. Ametabasamu! Amenitabasamia mimi, mtoto wa watu, meno yote nje, kama hajawahi kunirushia mbegu. Anadhani mguu umepona.

Amesimama katikati. Kichwa juu. Anasubiri mkono.

Nikiuinua, akitoka atakuja mbio kumkumbatia babu yake, na atanikuta mimi ndani ya kofia. Ataelewa yote kwa mara moja, na ya Alhamisi pia, si mjinga.

Bi Hruschka mlangoni ananitazama. Nagl amegeuka tena. Mwamuzi Mswisi ameangalia saa yake ya mkononi, sasa anaangalia saa iliyo juu yangu.

Bado amesimama. Tabasamu linaanza kupungua.

Mkono wangu wa kulia una penseli, naiweka chini